Bukuru iko wapi? Nilivyomtafuta pacha wangu kwenye picha zilizopigwa kutoka angani, hapa Dzaleka

Wakuu, salamu kwenu nyote. Wa Dar, wa Nairobi, wa Buja, wa Bukavu, na wale mnaosoma kwa bando la kuazima kama mimi.

Humu ndani mi ni msomaji tu. Nimesoma nyuzi zenu muda mrefu bila kuandika hata "nimeelewa". Ni mtu wa aibu. Darasani mwalimu akiniuliza swali, najibu nikiangalia dawati.

Lakini hili limenijaa, na daftari langu ninaloandikaga kila siku halinijibu kitu. Kwa hiyo nawaletea nyinyi. Nitasema ilivyokuwa, hata pale nilipojiaibisha.

Kiswahili changu ni cha Kivu kilichopikwa kambini. Mkikutana na "njo", yaani ndio, na "iko", yaani yuko, mpite tu.

Twende.

Niko Form Three. Naishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, kaskazini kidogo ya Lilongwe. Papa ni mtu wa upande wa Bukavu. Mama ni Mrundi. Walikutana wakikimbia, wakafika hapa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, mi nikiwa bado tumboni.

Naitwa Butoyi.

Kwa asiyejua: Warundi wakizaa mapacha, anayetangulia kutoka anaitwa Bukuru, anayefuata anaitwa Butoyi. Hapo hakuna mjadala. Sasa Mrundi yeyote akisikia jina langu, kabla hata ya kuuliza nasoma wapi, anauliza: "Na Bukuru iko wapi?"

Bombani wananiuliza. Kanisani wananiuliza. Kuna mama mmoja aliniuliza nikiwa na ndoo kichwani, maji yananimwagikia mgongoni.

Mi husema tu "haiko" na kuangalia vidole vya miguu.

Bukuru alikuwa kaka yangu. Alifariki kambini tukiwa bado tunanyonya. Hilo nililijua. Alipozikwa sikujua, na nyumbani halikuulizwa.

Sababu ni hii. Kwa akina Mama, pacha mchanga akifa haliliwi. Wanasema ukimlilia aliyeondoka, huyu aliyebaki atasikia anaitwa na atamfuata. Kwa hiyo Mama hakulia. Hakukaa matanga, wala kaburini hakwenda. Alinibeba mgongoni na kuendelea kutwanga, na jina la Bukuru likafungwa.

Mnisamehe wenye imani zenu, sibishani na mtu. Nawaambia tu kwamba Mama alinyamaza miaka yote hiyo kwa ajili yangu.

Mi mwenyewe nilidhani amesahau.

Baada ya msiba ule wazazi walihamia Lilongwe, kule Chilinde. Papa ni fundi cherehani, na Chilinde kuna soko, watu wanapita, nguo zinararuka kila siku. Tulikaa huko hadi nikamaliza shule ya msingi, ndipo mi na Mama tukarudi kambini. Papa alibaki na cherehani yake, anakuja Jumamosi.

Tuliporudi, kambi ilikuwa imetanuka. Miti ya mlimani ilikuwa imekatwa karibu yote. Pale palipokuwa pori sasa ni mahindi matupu.

Na mahindi ya Malawi, wakuu, yanapandwa juu ya matuta. Shamba lote ni matuta, shamba la jirani matuta, hadi upeo wa macho ni matuta. Kutafuta tuta dogo la kaburi mle ndani ni kama kutafuta mkunjo kwenye nguo ya marinda.

Nilikuja kugundua baadaye kwamba Papa alikuwa anatafuta. Kila Krismasi alikuwa anasema anaenda "kunyoosha miguu", anarudi suruali imejaa matope hadi magotini. Mfumu, yaani chifu wa kijiji aliyempa sehemu ya kuzika, alikuwa ameshafariki. Hakukuwa na wa kumuuliza.

Sasa mwaka huu dosiye yetu, faili la kuhamishwa, ikapita. Tunahamishiwa nchi ya mbali, ya baridi. Hapa kambini hiyo ni habari ya watu kuja hadi mlangoni kukupongeza. Mama anawashukuru vizuri, anawapa chai, halafu wakiondoka anaenda nyuma ya nyumba na kusimama akiangalia mlima.

Jumamosi moja nilimsikia anaongea na Papa, pole pole, wakidhani nimelala na kitabu usoni.

"Nitapanda ndege na mtoto mmoja," alisema. "Huyu mwingine nitamuaga wapi?"

Papa akazima taa.

Mi nikabaki na kitabu usoni, lakini sikulala.

Sasa ingia droni.

Mvua za mwaka jana zilishusha maji kutoka mlimani hadi kwenye nyumba za watu. Kwa hiyo ukaja mradi wa ramani kujua maji yanapita wapi. Wanarusha droni, inapiga picha maelfu, zinashonwa na kompyuta kuwa picha moja kubwa. Walihitaji wanafunzi wa kuchora paa za nyumba kwenye picha, moja moja, kwa mausi. Mwalimu wa jiografia akanichagua. Alisema ni kazi ya mtu asiyeongea.

Kwa mara ya kwanza ukimya ulinipatia kazi.

Aliyetusimamia alikuwa dada mmoja Mmalawi, Tamanda, mpimaji kutoka Lilongwe. Anacheka kwa sauti, anakula karanga juu ya kibodi. Niliwahi kumuuliza, kwa sauti ya panya, ile mistari ya kijani kilichokolea inayokatiza kwenye mahindi ni nini.

Akavuta kiti. Akaniambia ardhi ikishachimbwa haijifichi kirahisi. Mtaro wa zamani ukijaa udongo, ule udongo ni laini, unashika maji, na mahindi yaliyo juu yake yanakuwa marefu na ya kijani zaidi. Pale palipokuwa na ukingo uliopigwa ukakazana, mizizi haishuki, mahindi yanadumaa. Ukiwa umesimama shambani huoni kitu. Ukiwa juu unaona mpaka wa mtu aliyekufa zamani.

"Maji hayachori mstari ulionyooka," alisema. "Ukiuona, ujue kuna mtu alitoka jasho hapo."

Na mwaka huu mvua ilikata mahindi yakiwa yanachanua. Kila kitu kikaanza kuwa njano mapema. Watu walilia njaa, na mi nikiwemo. Lakini ukame ule ule njo ulifanya mistari ionekane.

Hapo wazo likanijia, na nadhani mmeshalijua. Mtu akizika mtoto kwenye pori la wenyeji, hawezi kuacha bila kuzungushia mpaka. Papa ni mtu wa Kivu. Kwao hata banda la kuku lina mtaro.

Nikaanza kubaki baada ya wenzangu kuondoka, natembeza kidogo kidogo picha ya mlimani, kule Mama anakoangaliaga.

Nikaipata.

Sehemu ya pembe nne, imenyooka pande zote, kwenye mteremko unaoshuka kwenda dambo, lile bonde la majimaji lililo nyuma ya kambi. Sikumwambia Tamanda. Nilikimbia nyumbani.

Mama alikuwa anachambua maharage. Nikasema kile ambacho hakisemwi kwetu.

"Mama, nimemuona Bukuru."

Mikono yake ilisimama. Hakuinua kichwa. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei, nimemuona wapi.

Asubuhi alivaa kitenge cha kanisani. Alipaka mafuta miguu. Tulichukua kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, hadi njia ilipoishia, kisha tukapanda kwa miguu. Mama ana pumzi fupi lakini siku hiyo alinitangulia.

Tulipofika, palikuwa na mzee anachunga mbuzi. Nikamuuliza kwa Chichewa changu cha shule. Alicheka vizuri tu, bila ubaya. Akasema hapo palikuwa khola, zizi la ng'ombe, tangu enzi Dzaleka ilipokuwa gereza. Yeye mwenyewe akiwa kijana alikuwa anazoa samadi hapo.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamtafsiria Mama.

Mama aliangalia mahindi yaliyokuwa marefu juu ya samadi ya zamani. Akanishika mkono. Akasema "turudi", basi.

Wakuu, kilichoniumiza si kukosea. Kilichoniumiza ni siku zilizofuata. Kila nikikaa, Mama anakuja na kuniwekea kiganja kwenye paji la uso. Nikikohoa, anasimama. Nililitaja jina, na alikuwa anasubiri nianze kuumwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakusahau hata siku moja.

Wiki hiyo hiyo gari la mradi lilikuwa linarudi Lilongwe, ambako kompyuta zao ni kubwa na picha inaonekana vizuri zaidi. Niliomba lifti. Kwanza nikaomba nishushwe Chilinde.

Papa anashonea kwenye baraza la duka la vipuri vya baiskeli. Alikuwa anashona suruali za shule, kitambaa cheusi. Kijana wa dukani akamtania, "Fundi, mteja wako wa kike amefika, leo utakula vizuri." Papa akamjibu kwamba mteja huyu hajawahi kulipa tangu azaliwe.

Nilikaa kwenye benchi. Nikamweleza yote. Zizi, Mama, kiganja kwenye paji la uso.

Aliweka mkono juu ya gurudumu la cherehani, likasimama.

Kisha akachukua kitambaa cheusi, akakitandaza kwenye magoti yake, akachukua chaki ya kukatia nguo.

"Ile haikuwa carré, mama," aliniambia, yaani haikuwa pembe nne. Papa akinipenda sana huniita mama. "Nani alikuambia tulichimba carré?"

Akachora mistari miwili mirefu, sambamba, kutoka juu ya goti hadi chini. Juu akaifunga kwa mstari mfupi. Chini akaiacha wazi.

Nikamwambia sielewi. Kaburi la mtoto mchanga, mistari mirefu ya nini?

Akanieleza. Kwao, kule milimani, mzee akigawia watoto ardhi, hakati kwa upana. Anakata kutoka kichwani mwa mlima hadi bondeni. Kila mtoto apate kipande cha juu, pakavu, pa kujenga na pa migomba, na kipande cha chini chenye maji, pa kulima wakati wa kiangazi. Kati ya ndugu na ndugu unapita mtaro unaoteremka. Ukiupata mtaro huo, umepata urithi.

Mfumu alimpa kona ya pori aliyokuwa haitumii. Papa na Warundi wawili majirani wakachimba. Wenyeji waliokuwa wanapita wakawacheka, wakawaonyesha kwa mikono kwamba hapa mtaro unakatiza mteremko, ukiuteremsha maji yatakula shamba. Papa anasema hata Chichewa cha kusema "tuacheni" hawakuwa nacho. Wakaendelea kuchimba kwa namna ya kwetu.

"Ule mutoto alikuwa wa kwanza kwangu," alisema. "Sikukuwa na udongo hata wa kupanda kitunguu. Nikasema, huyu hawezi kuenda mikono mitupu. Ile haikuwa kaburi tu, mama. Ile njo ilikuwa parcelle yake, shamba yake."

Kijana wa dukani alijifanya anahesabu spoku.

Nilimuuliza Papa kwa nini hakumwambia Mama ana picha hiyo kichwani. Akasema angemwambiaje bila kulitaja jina? Na angelitaja mbele yangu?

Kumbe wote wawili walikuwa wananilinda mimi, kila mtu kwenye kona yake.

Akakung'uta chaki, lakini mistari haikutoka yote. Kuna mwanafunzi wa Lilongwe anatembea na suruali yenye shamba la kaka yangu kwa ndani.

Nikaenda ofisini kwa Tamanda. Safari hii nilimwambia ukweli. Aliacha karanga.

Akasema tusitafute umbo la kaburi. Tutafute mistari inayoteremka, kwa sababu matuta yote ya hapa yanakatiza mteremko. Kinachoteremka ni cha mgeni, au cha maji. Cha maji kitapindapinda.

Tuliangalia muda mrefu. Macho yalianza kuniwasha. Tulipata njia ya ng'ombe. Tukapata korongo. Tukapata kitu nilichokitaka sana kiwe chenyewe, Tamanda akasema hapana, na nikakubali.

Halafu nikaiona.

Ilikuwa imepita chini ya macho yangu siku nyingi, nikidhani ni kasoro ya picha. Mistari miwili myembamba, kijani kibichi ndani ya njano, inashuka sambamba na kukata matuta yote kama mshono. Wenyeji walisema kweli, maji yaliingia mle na kuila mitaro, ikawa mipana kuliko ilivyochimbwa. Kosa la Papa lilifanya mtaro uwe na kina, na kina njo kilishika unyevu hadi leo. Angechimba kwa namna ya hapa, jembe lingeshafuta kila kitu.

Juu, kati ya mistari miwili, palikuwa na tuta moja lililopinda kidogo, kama linakwepa kitu.

Tamanda alinipa kitambaa kabla sijajua kwamba nalia.

Jumamosi tulienda watatu. Mama hakuvaa kitenge cha kanisani safari hii, alivaa cha kila siku. Nadhani alikuwa anajikinga. Papa alibeba simu yangu yenye picha kama mtu aliyebeba yai.

Shamba sasa linalimwa na mama mmoja wa kijijini, NaBanda, mtu mzima, ana jembe begani. Alitupokea kwa wasiwasi. Wakimbizi wakija shambani kwako na simu, unafikiri wanataka ardhi. Nikamwamkia kwa magoti, nikamweleza polepole. Hatutaki shamba. Tunamtafuta mtoto.

Nikamuuliza kuhusu lile tuta lililopinda.

Akasema hapo jembe hugonga mawe. Alipoanza kulima hapo alidhani ni mwamba, akaamua kuzunguka. Kila mwaka anazunguka.

Papa alisema kwa sauti ndogo, "Mawe nilipanga mi."

Nikamtafsiria NaBanda.

Huyu mama alituangalia mmoja mmoja. Akaangalia tumbo la Mama lililotuzaa, kisha mimi. Akashusha jembe begani na kulilaza chini. Akafungua chitenje, kitenge cha pili alichojifunga kiunoni, akajifunika nacho mabegani, akakaa chini kwenye udongo, miguu ameinyoosha mbele.

"Pepani," alimwambia Mama. Pole. Kisha akaniambia mimi, nimfikishie, kwamba leo halimi tena. Kwao palipo na maliro, yaani msiba, mtu hagusi jembe, na leo hapa pana maliro.

Alikuwa anamkalia kaka yangu matanga, mtu ambaye hakuwahi kumjua.

Mama alisimama. Alikuwa ananiangalia mimi. Nilijua anachoogopa, kwa hiyo nikafanya kitu ambacho si tabia yangu. Nilienda mwenyewe, nikachukua kiganja chake, nikakiweka kwenye paji la uso wangu.

Baridi. Sina homa, Mama. Niko hapa.

Akakaa chini karibu na NaBanda, akanyoosha miguu vile vile. Na akalia. Alilia kwa Kirundi, maneno mengine sikuyajua. NaBanda alikuwa anaitikia kwa Chichewa. Hawakuelewana hata neno na walielewana yote. Papa alikuwa anang'oa magugu kwenye mawe, moja moja, kama anatoa nyuzi kwenye nguo iliyokwisha.

Mwishoni Mama alijifuta uso, akapiga makofi mawili mepesi, kama anavyofanya chakula kikiiva.

"Bukuru, Butoyi," aliita. "Mukuje."

Sijawahi kuyasikia majina hayo mawili pamoja kwa sauti yake. Nilienda nikakaa kati yake na mawe.

Ndivyo ilivyokuwa, wakuu.

Kama kuna nilichojifunza, ni kwamba picha ya kutoka juu inaonyesha kila kitu isipokuwa aliyechimba alikuwa anawaza nini. Nilikaa nayo siku nyingi nikaishia kwenye zizi la ng'ombe. Ilibidi nimuulize mtu, na mtu huyo alikuwa Papa, na nilichelewa kumuuliza kwa sababu ya aibu. Mnaofanana na mimi, ulizeni wazazi wenu wakingali wanaweza kuwachorea.

NaBanda amesema ataendelea kuzunguka mawe. Papa alitaka kumpa kitu, akakataa, akamwambia amshonee blauzi. Ameshamshonea.

Tunaondoka hivi karibuni. Watakaosema nipandishe picha: picha si yangu, ni ya mradi, na mahali pale sitapaanika. Mnivumilie.

Badala yake nina swali, na nitasoma kila jibu hata kama sitajibu haraka. Kwenu mpaka wa ardhi unachimbwaje? Unateremka, unakatiza, mnapanda mti gani juu yake? Andikeni kwa urefu. Huenda kuna mtoto wa mtu humu anatazama picha fulani na haelewi anachokiona.

Jana bombani mama mmoja mgeni, Mrundi, amefika juzi tu, alinisikia naitwa. Akageuka na ndoo yake.

"Butoyi? Na Bukuru iko wapi?"

Nilimuonyesha mlima kwa mkono wangu wote.

"Iko kwake," nilimjibu. "Kwa shamba lake, pale juu."